Tupeane uzoefu: nani alicheza tiyatri akiwa mwanafunzi wa chuo cha kikatoliki?

Nyota ya Nguba (Bukavu)

Jambo yenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Binti yangu wa mwisho anasoma sheria. Juzi alirudi nyumbani akaniuliza, "Mama, eti ulichezaga teatre?" Mtu alikuwa amemwonyesha picha ya zamani, mimi nimesimama mbele ya meza, nimevaa kikwembe, yaani kitenge, kitambaa kichwani, mdomo wazi kama ninayegomba. Nikaketi nimweleze mchezo wetu tangu mwanzo. Nikaenda vizuri hadi katikati, kisha nikakwama. Sikumbuki ulivyoisha. Mchezo nilioucheza mara tatu mbele ya watu, mwisho wake umenitoka kabisa.

Ndiyo maana nafungua uzi huu. Naomba kila aliyecheza, aliyeshona nguo, aliyebeba viti au aliyekaa tu kutazama, atuambie: ulikuwa mchezo gani, kwa lugha gani, wapi, na kitu gani hasa unakikumbuka. Tukiwaachia wengine kazi hii, haitafanywa. Tiyatri ya wanafunzi haiachi karatasi. Vyuo vinatunza orodha za waliohitimu na picha za maaskofu waliokuja kubariki majengo, ila mchezo uliochezwa Jumapili moja mchana unabaki kwa waliokuwepo tu.

Nianze mimi mwenyewe.

Niliingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu mwaka 1992. Chuo kilikuwa bado kichanga, kimezaliwa 1989, wakati serikali ya Zaire ilipoacha kushika peke yake elimu ya juu. Mwaka uleule wenzetu wa Butembo walipata chuo chao cha kikatoliki, Graben. Sisi hatukuwa na fakilte ya fasihi. Kulikuwa na sheria, uchumi, kilimo na udaktari. Kwa hiyo usidhani tiyatri yetu ilitoka kwa mwalimu aliyetufundisha kusimama jukwaani. Ilitoka kwenye kesi za kuigiza. Wanafunzi wa sheria tulikuwa tunajipangia mahakama: huyu hakimu, huyu wakili wa mlalamikaji, yule wa mshtakiwa. Siku moja mshtakiwa wetu alilia kweli. Oditwari nzima ikanyamaza. Tukatazamana, tukajua kuwa hapa kuna jambo.

Mchezo ninaousema tuliutunga 1995. Ulikuwa juu ya kifungu cha 448 cha Kanuni ya Familia ya 1987, kile kilichomtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, soko la Kadutu. Nataka mkopo mdogo nipanue biashara. Karatasi iko tayari, bado kidole cha mume tu. Naye anasema: nitaweka kidole, lakini nusu ya hizo pesa ni zangu.

Wino wa kidole tuliutengeneza wenyewe: makaa yaliyosagwa yakachanganywa na mawese kidogo, ndani ya kifuniko cha mkebe wa mafuta ya ngozi. Ulikuwa mweusi ajabu na hautoki. Kikwembe changu cha mchezo bado ninacho, na kina alama ya kidole, nyeusi mpaka leo. Lakini iko mgongoni, chini ya bega la kushoto, mahali ambapo mkono wangu hauwezi kufika. Nimeitazama wiki nzima. Sijui ni kidole cha nani.

Daftari la maneno lilipotea mwisho wa Oktoba 1996, juma lile vita ilipoingia Bukavu na Askofu Mkuu wetu Munzihirwa akauawa pale Nyawera, tarehe 29. Tulikimbia na nguo za mwilini. Tuliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Sikulilia godoro wala sufuria. Daftari nililililia.

Karibuni.

Mzee wa Nyawera (Lubumbashi)

Binti yangu, aksanti kwa kuniamsha. Mimi ni mtoto wa Bukavu lakini naishi Lubumbashi tangu 1971, na nitakueleza nimefikaje huku, maana tiyatri imo ndani ya safari hiyo.

Nilisoma kwa Wajesuiti, kolegi ile ambayo leo inaitwa Alfajiri. Mapadri wale walipenda tiyatri kuliko mpira. Kila mwaka mchezo, na kila mwaka shida ileile: tulikuwa wavulana watupu. Mimi nilikuwa mwembamba, sauti haijavunjika, basi kila palipokuwa na mama, mama alikuwa mimi. Noeli moja nilicheza mke wa mwenye nyumba ya wageni anayewafukuza Yosefu na Maria. Mama yangu mzazi aliniazima kikwembe chake cha misa. Alikuja mwenyewe kunifunga, akapiga fundo, akalizungusha, akasema, "Ukipumua sana kitaanguka." Nilicheza mchezo mzima bila kupumua vizuri.

Padri mmoja mzee, Mbelgiji, alitueleza siku hiyo kwa nini shirika lao lina historia ndefu na mambo haya. Mpango wa masomo wa Wajesuiti wa mwaka 1599 uliandika mpaka sheria za tiyatri: michezo iwe nadra sana, iwe ya mambo matakatifu, iwe kwa Kilatini tu, na asiwemo mhusika wa kike wala vazi la mwanamke. Akanitazama na kikwembe changu, akasema, "Kwa hiyo wewe umevunja sheria ya miaka mia tatu sitini." Sote tulicheka, na yeye akacheka zaidi.

Lakini kuna jambo ambalo nililielewa baadaye, nikiwa mtu mzima, na ndilo ninalotaka liandikwe hapa. Kilatini cha 1599 kilikuwa kimepata mrithi, nacho ni Kifaransa. Yosefu alisema Kifaransa. Malaika alisema Kifaransa. Aliyeruhusiwa kusema Kiswahili jukwaani ni mpishi, mlevi na mlinzi wa usiku. Kiswahili kilikuwa cha kuchekesha. Wazazi wetu waliokaa nyuma walikaa kimya saa nzima, kisha mlevi anaingia, anasema neno moja, ukumbi unapasuka. Mapadri walidhani watu wanamcheka mlevi. Mimi naamini watu walikuwa wanafurahi kuelewa.

Mwaka 1968 nilikwenda Lovanium, Kinshasa. Vijana wengi siku hizi hawajui hata jina hilo. Ndicho chuo kikuu cha kwanza cha kikatoliki nchini mwetu, kilichoanzishwa 1954 na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, na jina lenyewe ni Leuven kwa Kilatini. Kilikaa juu ya mlima Amba, mbali na mji. Tulisoma michezo vyumbani usiku, kwa Kifaransa, tukijiona watu wa Paris. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana mjini, jeshi likapiga risasi. Sitaeleza zaidi. Mwaka 1971, wanafunzi walipotaka kuwakumbuka waliokufa, chuo kilifungwa na wanafunzi wakatiwa jeshini. Agosti mwaka huo serikali ikaunganisha Lovanium, chuo cha serikali cha Lubumbashi na kile cha Waprotestanti cha Kisangani kuwa kitu kimoja, UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Masomo ya fasihi yakapelekwa Lubumbashi, na mimi nikafuata masomo yangu. Hivyo ndivyo nilivyofika huku.

Na huku Lubumbashi, binti yangu, nilikuta kitu ambacho hakuna padri wala profesa aliyenifundisha. Nilikuta redio inacheza tiyatri kwa Kiswahili, kundi la Mufwankolo. Hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wa mji wanaosema Kiswahili cha huku, cha migodini na mitaani, na hawakukisemea mlevi peke yake. Chifu alisema Kiswahili, mama alisema Kiswahili, mwenye hekima alisema Kiswahili. Nilikaa mbele ya redio ya jirani, mtu niliyesoma Lovanium, nikajiona sijui kitu.

Nitarudi baadaye, macho yananiuma.

Fundi Cherehani (Kadutu)

Mimi sikucheza. Nilishona. Nguo ya wakili ni nyeusi na kitambaa cheupe shingoni kimekunjwa kama feni. Wanafunzi walikuja na picha tu, hawana kitambaa. Nikachukua bitana nyeusi ya makoti, ile inayong'aa. Hakimu wa kwanza alipokaa kwenye kiti akateleza mpaka chini. Mara ya pili nikashonea nyuma kipande cha gunia upande wa ndani. Hakuteleza tena. Kile cheupe cha shingoni kilikuwa shuka ya bweni, msiniulize ya nani.

Sikulipwa pesa, nililipwa nafasi ya mbele. Mtoto wangu alikaa mapajani mwangu siku hiyo na leo ni wakili wa kweli. Sisemi ni kwa sababu ya mchezo. Nasema alikuwepo.

Nyota ya Nguba

Papa Fundi!! Ni wewe? Ile bitana! Nakumbuka hakimu alivyoteleza, ila sikujua aliyerekebisha ni nani. Mungu akuweke.

Mzee wangu, pumzika macho, lakini rudi. Ulilosema juu ya mlevi na Kiswahili ndilo lililotupata sisi pia, miaka thelathini baada yako. Mchezo wetu wa kwanza, 1993, tuliufanya kwa Kifaransa, wa kitabuni, wa kale, watu wenye majina ya Kifaransa. Waliokuja ni wanafunzi wenzetu na mapadri wachache. Mama wa mandazi waliokuwa mlangoni walichungulia, wakasikiliza kidogo, wakarudi kwenye mandazi yao. Mmoja akaniambia nilipotoka, "Mlisema vizuri sana, mwanangu, hata kama hatukusikia." Neno hilo lilinichoma.

Tulipoamua mchezo wa kifungu cha 448 uwe kwa Kiswahili, mwalimu mmoja, simtaji, alituambia kuwa sheria haisemwi kwa lugha ya soko. Tulikaa usiku kutafuta jinsi ya kusema *autorisation maritale* kwa Kiswahili. Tukajaribu "kibali cha mume", "ruhusa ya bwana". Mwishowe mwenzetu mmoja wa Kadutu akasema: mama yangu anaitaga "kidole cha bwana". Basi tukalishika neno hilo. Mtu yeyote sokoni alilielewa bila maelezo. Na tuliposema kwa namna hiyo, hata sisi wenyewe tuliielewa sheria kuliko tulivyoielewa darasani. Kwenye daftari la masomo ilikuwa mstari mmoja. Jukwaani ilikuwa kidole cha mtu, na mtu huyo anaweza kukikunja.

Binti Bagira

Mimi nilikatazwa. Naweka hapa kwa sababu hiyo pia ni historia.

Ilikuwa 2003. Niliitwa kucheza, nikapewa nafasi kubwa, nikafanya mazoezi mwezi mzima kwa siri. Papa alipojua akasema mtoto wa kike anayesimama mbele ya watu usiku akipiga kelele hataolewa. Padri wa parokia alikuja kumwomba. Shirika letu la mtaani lilituma mama wawili kumwomba. Akakataa. Siku ya mchezo nafasi yangu ilichezwa na mvulana, kikwembe kiunoni, kama Mzee wa Nyawera. Nilikaa nyumbani nikisema maneno yangu yote peke yangu jikoni, kwa sauti ndogo, nikisonga ugali. Nilijua saa kamili ambayo yeye anaingia.

Mdogo wangu wa kike alicheza 2011. Papa alikaa mstari wa pili. Hakusema neno njiani kurudi, lakini alimnunulia soda.

Muhogo wa Kabare

Wanasheria mmejipendelea sana kwenye uzi huu. Wacha na watu wa kilimo waseme.

Sisi tiyatri ilikuwa kazi ya shamba. Miaka ile mnyauko wa migomba, ule wa bakteria, ulikuwa unakula Kivu. Majani yanageuka njano, ndizi inaiva kabla ya wakati, ukiikata ndani imeoza, ukikata mgomba wenyewe unatoka ute wa rangi ya njano. Wazee walikuwa wanasema ni uchawi wa jirani, na ndugu walishaanza kugombana. Tulijua dawa haipo. Kinachosaidia ni kung'oa mgomba mgonjwa, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kuvunja lile ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu, maana wadudu wanabeba ugonjwa kutoka hapo. Na ua halikatwi kwa panga! Linasokotwa na kuvunjwa kwa kijiti chenye panda.

Tulishawaeleza wakulima kwa mabango. Waliitikia, wakaenda, wakakata kwa panga lilelile. Ndipo tukatunga mchezo. Hatukuwa na jukwaa, tulicheza ndani ya shamba la migomba lenyewe. Mwenzetu mmoja alikuwa panga. Ndiyo, alicheza panga! Anatoka kwa mgomba mgonjwa anakwenda kusalimia mgomba mzima kwa kumshika mkono, na huyo mzima anaanza kulegea, kichwa kinainama polepole, mabega, magoti, mpaka chini. Mzee mmoja alisimama akapiga kelele, "Mpitishe motoni huyo!" Akaelewa kabla hatujaeleza.

Jambo moja kwenu mnaosifu Kiswahili. Kule juu Kabare, Kiswahili chetu kilikuwa kama Kifaransa chenu. Kilikuwa lugha ya watu waliopanda gari kutoka mjini. Vijana walikifuata, bibi wazee hawakukifuata. Mchezo wa pili tulifanya kwa Mashi, lugha ya Washi wa kule, na mimi nisiyekuwa Mshi nikapewa nafasi ya mgomba, kwa sababu mgomba hausemi. Sikuona aibu hata kidogo. Nilisimama na kijiti kimening'inizwa kiunoni kama ua la dume, bibi wakacheka mpaka machozi, na wiki iliyofuata tulipopita tulikuta vijiti vyenye panda vimeegemezwa kwenye kuta za nyumba. Hiyo ndiyo diploma yangu.

Kijana wa Kadutu

Mimi ni mwanafunzi wa sasa. Tunaendelea, wazee wetu, msifikiri imekufa. Tangu vita ilipoingia mjini Februari 2025, mazoezi tunafanya mchana, kila mtu afike kwao kabla ya giza. Hatuandiki daftari, tunarekodi sauti kwa simu na kutumiana. Simu ya mwenzetu iliibwa, na mchezo mzima ukaenda nayo. Nimesoma habari ya daftari la Mama Nyota nikatetemeka. Jana nimenunua daftari.

Swali kwa wakubwa: mlikuwa mnaandika kila neno, au mnapatana tu njia?

Mzee wa Nyawera

Nimerudi. Kijana, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na jibu lake liko huku Lubumbashi.

Mufwankolo na wenzake hawakuwa na maandishi. Walikuwa wanakaa pamoja, mmoja analeta jambo, wanagawana nafasi, wanapatana mchezo unaanzia wapi, unapitia wapi, unatua wapi. Maneno kila mtu anayatafuta mwenyewe akiwa amesimama. Ilikuwa kazi ya akili nyingi. Mjerumani mmoja, Johannes Fabian, alifundisha hapa chuoni kwetu kati ya 1972 na 1974, akawajua. Akarudi 1986 akiwa ameukuta usemi unaosema mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Akawauliza maana yake. Kundi halikumjibu kwa maelezo, lilimjibu kwa mchezo. Walianza kubishana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, na televisheni ikaurekodi. Yeye akanasa sauti tangu mabishano ya kwanza, na mwaka 1990 kitabu kikatoka, maneno yao yamepigwa chapa kwa Kiswahili chao kilekile cha Katanga.

Nilikishika kitabu hicho mikononi. Niliona neno ambalo jirani yangu analisema kila asubuhi limeandikwa pale. Basi fikiria: watu wasioandika, mchezo wao umeandikwa neno kwa neno. Sisi wa vyuo vikuu vya kikatoliki, wenye kalamu na maktaba na mashine za kuchapa, yetu imepotea. Jambo hili linaniumiza, nalisema wazi. Kijana, patana njia kama walivyofanya wao, maneno yatafutwe jukwaani. Lakini mkimaliza kucheza, usiku uleule, mmoja akae aandike.

Kuna jambo jingine nilitaka kulisema juu ya miaka ya Mobutu. Watoto wengi wanauliza kwa nini tiyatri ya wanafunzi ilipotea miaka ya 1970. Haikupotea, ilimezwa. Kila chuo, kila shule, kila kiwanda kilitakiwa kuwa na kundi la *animation*, ngoma na nyimbo za kumsifu kiongozi na chama. Wenye sauti walikwenda huko, wenye viungo walikwenda huko, na kukataa haikuwa rahisi. Vyama vya vijana vya Kanisa vilipigwa marufuku. Mwaka 1974 hata Noeli ilifutwa kuwa sikukuu ya mapumziko. Mchezo wa Noeli uliendelea parokiani, jioni, watu wakitoka kazini na nguo za kazi. Nimemwona Yosefu mmoja akicheza na buti za mgodini. Sijawahi kumwona Yosefu wa kweli kuliko yule.

Mama Esta wa Panzi

Mzee, hapo kwenye buti umeniliza.

Mimi nina dogo tu. Ijumaa Kuu, wanafunzi walicheza Mateso wakipanda mlima wa Kadutu na msalaba wa mti mbichi wa kalitusi. Ilinyesha. Aliyekuwa Simoni wa Kirene alikuwa amepangwa, ila alichelewa. Mama mmoja wa wale wanaobeba mizigo kwa kamba ya paji la uso alikuwa anapita na mzigo wake. Akatua mzigo, akashika msalaba kwa nyuma. Hakuna aliyemwambia. Wakapanda naye mpaka juu.

Nyota ya Nguba

Nimesoma haya usiku, na binti yangu ananisomea kwa sauti.

Yeye kifungu cha 448 anakisoma kama mambo ya kale. Sheria ya Julai 2016 ilibadilisha, ruhusa ya mume ikaondolewa. Ananiambia, "Mama, kumbe mlikuwa mnacheza jambo ambalo lingekuja kufutwa." Nikamwambia hatukujua. Tulidhani tunacheza tu.

Bado natafuta mwisho wangu. Nimemwuliza mwenzangu aliyecheza mume, yuko mbali siku hizi. Yeye anasema aliweka kidole, akajutia, tukapatana, mchezo ukaisha kwa wimbo. Naamini hivyo ndivyo ulivyoisha mara ya kwanza tulipoucheza, pale chuoni Bugabo, mbele ya wakubwa. Ila mimi nakumbuka kelele kubwa. Nakumbuka watu wamesimama. Chuoni hakuna aliyesimama.

Fundi Cherehani

Mara ya tatu ilikuwa Bagira, kwenye salle, ukumbi wa parokia. Mimi sikwenda, lakini nguo zilirudi kwangu kufuliwa na zilikuwa na wino kila mahali. Hata ya hakimu. Niliwauliza, "Mlipigana?"

Binti Bagira

Ngojeni kidogo. Bagira, 1995, salle ya parokia, mchezo wa mama wa sambaza?

Nampigia Mama simu.

Binti Bagira

Nimeongea naye. Naandika alivyosema, sipunguzi.

Nilikuwa mgongoni mwake, nakaribia miaka minane lakini nilikuwa naumwa, akanibeba. Anasema ukumbi ulikuwa umejaa akina mama wa soko la Bagira, maana mlikuwa mmetangaza misa ya kwanza na ya pili kuwa itasemwa habari ya kidole cha bwana. Mume alipofika kwenye karatasi akakunja kidole, akasema nusu ni yangu, mwanamke mmoja wa nyuma akamtukana. Mwingine akamtukana. Mchezaji akaogopa kweli, akaacha kuongea. Wewe ukabaki umeshika karatasi, hujui la kufanya, maana kwenye mpango mume alipaswa kukubali.

Ndipo Mama akasimama. Anasema hakujua anakwenda wapi, miguu ilikwenda yenyewe. Akafika mbele, akasema, "Leta hiyo karatasi, miye ntaweka." Akachovya kidole kwenye wino, akaweka. Nyuma yake wakaja wengine. Wakapanga mstari kama siku ya kura, kila mmoja anaweka kidole chake kwenye karatasi moja, mpaka ikajaa na kuwa nyeusi. Hakimu akatoka kwenye kiti kuwazuia, wakampaka na yeye. Hakukuwa na wimbo. Mchezo uliishia hapo kwa sababu wino uliisha.

Na anasema wewe ulianza kulia, naye akakukumbatia, mimi nikiwa bado mgongoni, mkono wake wa kulia umekuzunguka mpaka nyuma. Hakukumbuka kuwa kidole chake bado kina wino.

Nyota ya Nguba

Chini ya bega la kushoto.

Dada yangu, nimekaa chini. Binti yangu ameshika kikwembe kwenye mwanga wa dirisha, ameweka kidole chake juu ya alama ile, chake ni kidogo, hakiijazi. Mwulize Mama yuko wapi siku hizi, nije kumsalimia Jumapili baada ya misa ya pili. Kijana wa Kadutu, njoo na lile daftari lako, aseme yeye mwenyewe, wewe uandike.

Binti Bagira

Yuko nyumbani, Bagira palepale, hajahama. Anasema karibuni, atapika sombe na sambaza. Na anasema: "Aje na hicho kikwembe. Si cha kufua, nataka kukiona."